Swichi ya Lori Kwenye Boti ya Okeyo

Okeyo, omera, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuulizia hali, ndivyo tulivyofundishwa. Nimeandika "hujambo" mara tatu na kulikata mara tatu, maana nitakuulizaje hali wewe? Basi nianze na yangu. Kwa mwili sijambo. Nakula, kazi nafanya, mikono haitetemeki. Lakini ndani kuna mahali pamelegea, sipajui, na sina spana ya kukaza hapo.

Naandika mchana, hapa kibandani kwangu Migori. Nimefunga mlango kwa ndani, mtu mmoja amebisha akitaka taa za pikapu yake, nimenyamaza mpaka akaenda zake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombana kwayo. Wewe Kijaluo chako, mimi Kikuria changu, na katikati hiki Kiswahili chetu kilichopinda. Ukiniona tu nashuka bichi ya Homa Bay unapaza sauti, "Fungeni ng'ombe, Mkuria amefika!" Na mimi nakujibu kwamba ng'ombe wa Mjaluo haibiki, amezoea kujivuna, atakataa kutembea kwa miguu. Upuzi ule ule miaka sita, na kila mara tunacheka kama tumeusikia jana. Sasa nikishuka bichi hakuna anayenitania. Wananisalimu kwa heshima, bana, na hiyo heshima inaniua.

Nataka kukueleza mambo yalivyokwenda tangu uondoke. Mengine unayajua, ulikuwepo. Nitayasema yote hata hivyo, kwa sababu nimeona kinachotokea nikinyamaza.

Magugu ya ziwani ndiyo yaliyoanzisha, unakumbuka. Yalikuwa yamefunika ghuba mpaka mgeni angedhani ni shamba la mtu. Wewe unakaa nyuma umeshika mkono wa injini, mbele yako kumejaa masanduku ya barafu na samaki wa mbuta, huoni kitu. Mara mbili uliingia katikati ya magugu na propela ikajifunga nyuzi za mizizi, mkashinda pale mkikata kwa panga huku samaki wanaharibika. Ndipo ukanunua usukani wa mitumba na lile boksi la gia la kufungwa pembeni, ukae mbele kama dereva wa gari, uone unakokwenda. Boksi lilikuja bila swichi. Mahali pa ufunguo palikuwa na tundu tupu.

Ukaniita. Kwa nini hukumwita fundi wa boti? Nimejiuliza sana. Nadhani ulitaka tu tukae pamoja siku nzima tukichokozana. Na mimi, fundi wa waya za malori, nikaja kutoka Migori na swichi ya lori mfukoni, nimejaa majivuno. Swichi ni swichi, nilikuambia. Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Siku ile ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Shemeji Achieng' alituletea uji na viazi vitamu, akapanda botini ikiwa bado juu ya mchanga, akakaa kwenye kiti kipya. Akazungusha usukani kushoto kulia akipiga honi kwa mdomo. Piii! Piii! Ukamwambia apunguze mwendo, kuna polisi mbele. Boti yenyewe ulikuwa umeipa jina lake, Nyar Kendu, binti wa Kendu, kwa sababu huko ndiko ulikomtoa. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena pale kando walitutazama, wengine wakacheka. Hakuna aliyesema neno lolote baya siku ile.

Alasiri tukaiingiza majini. Ukawasha, ikashika mara moja, ukanipiga bega. Kisha ukazungusha ufunguo kuzima, injini ikaendelea. Ukauchomoa ufunguo kabisa, ukaushika juu nikauona, na injini inaendelea tu. Ukaniita kijana kwa Kikuria changu, "Mura, hii sasa ni punda."

Nilijua kosa palepale. Lori hupata moto wake kwa betri, ukikata ile njia linakufa. Injini ya boti ikishawaka hujitengenezea moto wake yenyewe ikizunguka, betri haina habari nayo. Ili ife, ile waya ya kuzimia ni lazima iguse chuma cha injini. Swichi ya boti ukiizungusha kuzima inaunganisha. Ya lori inakata. Ni kinyume kabisa. Waya ya kuzimia haikuwa na pa kukaa kwenye swichi yangu, basi nilikuwa nimeizungushia tepu nyeusi na kuisukuma nyuma ya boksi, nikijiambia labda haina kazi.

Kile kitufe chekundu cha kuzimia kilichokuwa kwenye mkono wa zamani tulikuwa nacho. Kilikuwa kwenye kopo la skrubu, karibu na goti langu. Ningerefusha waya mbili nikakileta mbele, kazi ya robo saa. Nilikuambia, ukakataa. Ulitaka ufunguo, ufunguo wa kuzungusha kidoleni ukipita sokoni. Na mimi sikukazana nawe. Jua lilikuwa linakwenda, nilikuwa na njaa. Tukakubaliana kwamba kwa sasa utakuwa unakwenda nyuma kuchomoa mpira wa mafuta, injini ikohoe ife yenyewe, na Jumamosi nitakuja na swichi inayofaa kutoka Kisumu. Nilisema Jumamosi. Nilikushika mkono nikasema.

Jumamosi nilikuwa Osiri, machimboni. Mota ya mashine ya kusagia mawe ilikuwa imeungua, wachimbaji wamenishika shati, kila mmoja anataka dhahabu yake itoke leo. Nikakutumia neno kwa dereva kwamba nitachelewa siku mbili tatu. Jumamosi ya pili bado nipo Osiri. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Methali hiyo niliiandikia insha darasa la saba, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Mjinga mimi.

Alhamisi iliyofuata ulimpitia Owuor kwao Kisegi. Alikuwa mtu wako wa siku zote botini, ila wiki zile mbili alikuwa nyumbani kwa mazishi ya shangazi yake. Hakuwa ameuona usukani mpya. Hakuna aliyemwambia habari ya ufunguo, si wewe, si mimi. Mlipakia samaki mkaondoka, na mnapokaribia Homa Bay mkaingia kwenye magugu ambayo hata wewe wa kukaa mbele hukuyaona, maana yalikuwa yamezama nusu. Boti ikasimama ghafla. Wewe hukusimama, ukatupwa majini.

Kisha ikajinasua, usukani hauna mtu, ikaanza kuzunguka mahali ulipoangukia. Owuor akaurukia ufunguo. Nani asingeurukia? Ufunguo si ndio wa kuzima? Lile boksi jipya la gia hakuwahi hata kuligusa. Alizungusha ufunguo, akauzungusha tena, akauchomoa akabaki nao mkononi, na boti inazunguka. Mara ya kwanza ilikukosa.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Samahani.

Habari ilinifikia Osiri, nikiwa nimelala chini ya ile mashine. Dereva alisema tu, "Rafiki yako wa boti." Nilibaki chini pale. Nilijua kila kitu kabla hajamaliza, kuanzia ile tepu nyeusi mpaka yule Owuor. Nilitamani ile mashine iniangukie.

Sasa sikiliza lililo baya kuliko hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie. Kwenye mazishi yako Owuor alikuwa akisimulia jinsi injini ilivyokimbia bila ufunguo. Watu wakaguna. Injini bila ufunguo, nani anaiendesha? Kabla hujafunikwa udongo, watu walishaanza kunong'ona habari za uchawi. Ati mwanamke alikikalia kiti kabla ya mwenyewe. Ati boti ina jina la nani? Ati aliuzungusha usukani akiita kitu kwa mdomo. Ile piii yake, omera. Ile piii.

Achieng' akanijia nyuma ya nyumba, macho yamevimba, hajala siku tatu. Akaniuliza, "Shemeji Mwita, wewe ni fundi. Injini inaweza kukimbia bila ufunguo?"

Nikamwambia, "Sijui, shemeji."

Ndivyo nilivyosema. Sijui. Nilikuwa nimezungukwa na ndugu zako, nikiwa Mkuria peke yangu boma zima, na niliogopa. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine nzuri zaidi ya kukuletea. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akarudi kwa wanawake wenzake ambao walikuwa wameanza kusogea mbali naye.

Nikarudi Migori nikajiambia maneno yatapoa. Hayakupoa. Miezi minne, Okeyo. Wanawake wakawa hawachoti maji pamoja naye. Samaki aliopanga sokoni walikuwa wanaoza mbele yake huku wa jirani wanaisha. Hakuna aliyeigusa boti, ililala mchangani kuku wakitagia ndani. Kisha nikasikia kwamba kaka yako mkubwa, Ouma, ameitisha kikao cha ukoo. Achieng' arudishwe kwao Kendu Bay, na watoto wabaki. Yule mdogo bado ananyonya. Sijui walifikiri nani atamnyonyesha.

Nilikwenda kwanza kwa Owuor. Yuko Osiri siku hizi, anachimba, anasema hataki tena kuona maji yaliyozidi ndoo. Nikamweleza habari ya swichi. Alikaa juu ya rundo la mawe akalia kwa sauti mbele ya wenzake. Akasema, "Mimi nilidhani sikuuzungusha vizuri." Miezi minne alikuwa akilala na jambo hilo, na mimi nilikuwa na jibu lake. Hata kunitukana hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Siku ya kikao nilifika na betri yangu niliyoichaji, na galani ya petroli. Nikaomba kusema, Ouma akaniruhusu kwa sababu anajua ulivyonipenda. Nikasema ni mimi. Nikaeleza waya, nikaeleza lori na boti, nikajieleza mpaka koo likakauka. Hawakuniamini! Wewe ungecheka. Mzee mmoja akasema huyu kijana ana roho nzuri, anataka kumbebea mjane mzigo. Mwingine akasema hapana, mjane ndiye aliyemtuma. Nimekuja kukiri kosa langu, na hawalitaki. Nilisimama pale mikono imening'inia. Achieng' alikuwa amekaa chini kando ya mlango na mtoto mgongoni, hakuinua uso hata mara moja.

Mama yako ndiye aliyesema twende bichi, basi, atuonyeshe. Tukateremka wote. Wanaume wakaisukuma Nyar Kendu mpaka nyuma yake ikaingia majini, tukaifunga kamba mbili. Nikaunga betri, nikavuta mafuta, nikawasha. Ilisumbua kidogo, ikashika. Nikamwambia Ouma azime mwenyewe. Akazungusha. Injini inaendelea. Nikamwambia achomoe ufunguo. Akauchomoa, injini inaendelea, na wanawake wakapiga ukemi, wengine wakakimbia na kuacha kanga zao. Nikaingiza mkono nyuma ya boksi, nikaivuta ile waya, nikatoa tepu na kuigusisha kwenye chuma. Ikazima.

Ouma akasema niwashe tena. Akaishika waya yeye mwenyewe, akaigusisha. Ikazima. Akawasha mara ya tatu, akazima, halafu akakaa mchangani na suruali yake ya kikao.

Mama yako alisogea mpaka kwangu. Ananifika hapa kifuani, unamjua. Akaitazama ile waya vidoleni mwangu, shaba yenyewe ndogo kama ukucha. Akasema, "Hiyo waya tu?"

Nikasema ndiyo, Mama. Hiyo tu.

Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nimejiandaa, hata miwani nilikuwa nimeivua nikaitia mfukoni. Ouma alisema tu kikao kimekwisha, Achieng' ni mke wa boma hili na watoto ni wake. Watu wakapanda kurudi wawili wawili. Achieng' akabaki. Nilidhani atanishukuru, unaona ninavyojidanganya? Nilidhani angalau atalia nami, kwa kuwa tumebaki sisi wawili tunaokujua vizuri. Alimkaza mtoto mgongoni, akanikazia macho, akasema, "Siku ile nilikuuliza." Akaenda zake.

Swichi ningeweza kuitetea, Okeyo. Tulikosea wote wawili, wewe na ufunguo wako, mimi na njaa yangu. Lakini lile "sijui" ni langu peke yangu, na haliunganishwi na waya yoyote. Nimemtumia salamu mara mbili, hazikujibiwa. Nimetuma sukari na sabuni, zikarudi zote. Nifanye nini? Wewe ndiye ungeniambia, na wewe ndiye usiyekuwepo.

Juzi Achieng' akaniletea neno kupitia mama yako. Amepata nahodha, mtu wa Kendu Bay anayemwamini, na boti itaanza kazi. Nije nitengeneze swichi. Akaongeza nije na waya, nisije na maneno.

Nilikwenda Kisumu jana asubuhi, nikaipata swichi kwenye duka la pili. La pili tu! Mchana nikawa nimesharudi. Safari yote ile niliyokuahidi ilinichukua nusu siku. Nilipanda gari la kurudi nikiwa nimeishika mapajani, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kama nina homa.

Nikafunga kila kitu upya. Nikaondoa waya zangu zote za lori, sikubakiza hata moja. Ya kuzimia nikaipa mahali pake. Nikaongeza kamba, ile ya kufungwa mkononi mwa nahodha, akianguka inachomoka na injini inakufa yenyewe. Nikamwita nahodha na watu wake wote wawili, kila mmoja akazima kwa ufunguo, kila mmoja akazima kwa kamba. Achieng' alikuwa amesimama juu, kwenye majani, amekunja mikono. Kisha wale watu wakaenda kutafuta mafuta, nikabaki peke yangu botini.

Nikawasha. Nikazungusha ufunguo, ikazima.

Nikawasha tena, ikazima. Nikawasha, ikazima. Sijui nilifanya mara ngapi, omera. Kila nikizungusha ilinisikia. Ilinitii kama mtoto mwenye adabu, mara moja, bila hata kukohoa, na mimi nawasha tena, nazima tena, machozi yananitiririka mpaka kwenye usukani, na siwezi kuacha. Nilikuwa nataka ikatae mara moja tu. Mara moja tu, nijue kwamba hata swichi nzuri isingekuokoa. Haikukataa.

Mwishowe nikasikia sauti kutoka juu. "Inatosha, Mwita." Hakusema shemeji.

Nikakusanya vyombo vyangu nikashuka.

Sasa niache nikuage. Nyar Kendu imeingia ziwani leo asubuhi, na mimi niko huku Migori nasubiri kusikia kama imerudi, na nitasubiri hivi kila siku itakapotoka. Siwezi kukuahidi kwamba Achieng' atanisamehe, hilo si langu la kuahidi, na sitamsumbua. Ninalokuahidi ni dogo. Akija siku moja kuniuliza jambo, yeye au wanao watakapokuwa wakubwa, wakitaka kujua baba yao alikufaje, nitajibu palepale walipo, mbele ya yeyote atakayekuwepo, na nitaanza na jina langu.

Oriti, omera. Lala.

Mwita